Heko kwa Wanaouhoji Upepo

Upepo hauna cheti cha kuzaliwa, lakini wapo wanaojua kuuhoji umetoka wapi. Hao ni wanasayansi na mafundi wa kituo cha Cape Grim, kaskazini-magharibi mwa Tasmania, Australia, kilichoanza kazi mwaka 1976.

Shahidi wao ni radoni, gesi yenye mionzi inayofuka kutoka kwenye udongo na miamba. Haina rangi wala harufu, haiungani na vitu vingine hewani, na kila baada ya siku 3.8 nusu yake hutoweka. Bahari huitoa kwa uchache mno. Basi hewa yenye radoni nyingi imepita nchi kavu juzijuzi. Yenye radoni haba imekaa baharini siku nyingi.

Mtambo huvuta hewa, ukaichuja ili kuondoa chembe zenye mionzi, kisha ukaiingiza kwenye tangi kubwa. Humo radoni huvunjika, na chembe mpya zinazozaliwa hunaswa na chujio la pili na kuhesabiwa. Kwa hesabu hiyo, hewa ya Bahari ya Kusini hutenganishwa na ile iliyogusa bara, ili vipimo vya kabonidioksaidi visipotoshwe na moshi wa mijini.

Kazi hii haina vigelegele: ni kusafisha, kusahihisha mitambo na kuweka kumbukumbu, mwaka baada ya mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Hawa wamekijaza chembe kwa chembe. Wanastahili heko zetu.