Maana Mbili za "Bora" katika Nyumba Moja: Uhakiki wa Lugha ya Mikopo ya Umma ya Makazi na Nishati kwa Kurejelea Kata ya Mitundu, Mkoani Singida

Utangulizi

Makala haya yanahakiki lugha ya mipango ya mikopo ya umma inayogusa makazi na nishati nchini Tanzania. Neno linalochunguzwa ni moja: *bora*. Neno hili limezoeleka katika virai viwili vya lugha ya Serikali, yaani "nyumba bora" na "matumizi bora ya nishati". Kisarufi, *bora* ni kivumishi kisichochukua kiambishi cha upatanisho. Hukaa vilevile kikiambatana na mtu, mbegu, nyumba au jiko, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba maana yake hubadilika kila kinapohama. Hoja ya makala haya ni kwamba virai hivyo viwili vinapokutana chini ya paa moja hugombana, na kwamba mkopo wa umma usiousuluhisha ugomvi huo unaweza kumwachia mkopaji deni la nyumba isiyomfaa. Mahali panaporejelewa ni Mitundu, kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Itigi iliyopo kusini mwa mji wa Itigi, katika barabara iendayo Rungwa.

Ubora unaoonekana

Kirai "nyumba bora" kina historia ndefu. Katika miaka ya 1970, wakati wananchi wa vijijini walipohamishiwa katika vijiji vya pamoja na kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilipohimiza usafi wa mazingira ya nyumbani, sura ya nyumba ya kisasa ilijengeka katika fikra za wengi: kuta za tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995, ilikuwa chombo cha umma cha kukopesha ujenzi. Tangu hapo hadi leo, "nyumba bora" ni nyumba ambayo ubora wake huonekana kwa macho kutoka barabarani.

Upande wa pili ipo tembe, nyumba ya jadi ya maeneo mengi ya kanda ya kati. Kuta zake ni za miti iliyokandikwa udongo, na paa lake la kulala limeezekwa kwa boriti, fito na tabaka nene la udongo. Udongo huo hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hivyo mchana wa Oktoba ndani huwa na nafuu, na usiku wa Julai baridi huchelewa kuingia. Bati lisilo na dari hufanya kinyume chake: huchoma mchana na kupoa upesi usiku. Tena tofali za kuchoma huteketeza kuni nyingi kabla nyumba haijakaliwa.

Hata hivyo, uhakiki usiwe tenzi la kuisifu tembe. Tembe huvuja, huliwa na mchwa na hudai kukandikwa mara kwa mara. Moshi wa mafiga hukaa ndani kwa kukosa madirisha. Bati hudumu na hukinga maji ya mvua, jambo lisilo dogo katika nchi kame. Anayeacha tembe ana sababu zake za haki. Linalohojiwa hapa ni kipimo: wahenga walisema nyumba njema si mlango, nasi tumeendelea kuipima kwa paa.

Mkopo unaojilipa na nyumba isiyo na ankara

Katika nchi nyingine, mikopo ya umma ya kupunguza matumizi ya nishati majumbani imejengwa juu ya wazo moja: akiba italipa deni. Nchini Tunisia, mpango wa Prosol ulioanza mwaka 2005 uliwawezesha wananchi kununua mitambo ya kupasha maji kwa jua na kurejesha mkopo kupitia ankara ya umeme. Nchini Uingereza, mpango wa Green Deal wa mwaka 2013 uliweka kanuni kwamba marejesho yasizidi akiba iliyokadiriwa. Ulipata wakopaji wachache, na mwaka 2015 Serikali ikasitisha ufadhili wake.

Njia ya kukusanya marejesho kwa namna hiyo haikosekani Tanzania. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mwananchi anaponunua umeme wa LUKU, na mkopo nao ungeweza kukatwa hivyo. Tatizo ni kwamba katika nyumba ambayo umeme ni wa taa na kuchaji simu, nishati kubwa haipiti kwenye mita. Hupita kichwani mwa mwanamke, katika mzigo wa kuni. Jiko banifu likipunguza mzigo huo, kinachookolewa ni saa zake, mgongo wake na mapafu yake. Pale kuni zinapookotwa bila kununuliwa, akiba hiyo haina shilingi ya kurejesha. Wazo la mkopo unaojilipa huanguka hapo.

Mikopo ya asilimia kumi na neno "mradi"

Mkopo wa umma ulio karibu zaidi na mwananchi wa Mitundu ni ule wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Serikali iliusitisha mwaka 2023 ili kuweka utaratibu mpya, kisha ikaurejesha mwaka 2024. Mlango wake ni andiko la mradi, na "mradi" katika lugha hiyo ni shughuli ya kuingiza kipato. Cherehani ni mradi. Dari inayozuia joto si mradi. Mizinga ya nyuki ni mradi; bomba la kutolea moshi jikoni si mradi. Kazi ya nyumbani haionekani katika fomu kwa sababu haikuwahi kupewa bei.

Wakati huohuo, Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, lakini jiko huwaka ndani ya jengo, na jengo lenyewe bado halijapata kirai chake.

Hitimisho

Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Ili matanga yasifike Mitundu, makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, pale faida isipokuwa ya fedha, sehemu ya gharama ibebwe na umma. Kanuni hii si ngeni: mwanakijiji huunganishiwa umeme wa REA kwa shilingi 27,000 kwa sababu Serikali ilikwishakubali kwamba gharama halisi haibebeki naye. Pili, mkopaji awe kikundi cha mafundi wa majiko banifu, dari na matofali ya kufungamana, ambayo hushindiliwa kwa udongo na saruji kidogo bila kuchomwa. Kwao hiyo ni kazi ya kipato, hivyo inaingia katika maana iliyopo ya "mradi", na deni halitundikwi juu ya paa la mama anayeokota kuni.

Juu ya hayo, kila mwongozo unaotumia neno *bora* hauna budi kueleza ubora huo unapimwa kwa nini na nani anaunufaikia. Maelezo hayo yakikosekana, mwananchi atalipia bati kwa jina la nishati, na jua la Oktoba litamwonyesha tofauti.