Ferguson TED20: trekta lililotaka joto na kulikimbia

Mwaka 1949 kiwanda cha Banner Lane, Coventry, kilianza kutoa Ferguson TED20, trekta lililowashwa kwa petroli na kulima kwa TVO, ndugu wa mafuta ya taa. Sababu kubwa ilikuwa kodi: petroli ya Uingereza ilibeba ushuru mzito.

Kasoro ya TVO ni oktani, karibu 55. Mafuta ya namna hiyo yakibanwa sana hayangoji moto wa plagi uyafikie. Yaliyosalia pembeni mwa silinda hulipuka yenyewe. Hapo ndipo injini inagonga. Kishindo hicho hukwangua utando mwembamba wa gesi unaoikinga pistoni na joto, aluminiamu ikaanza kulika, ringi zikavunjika, gasketi ya hedi ikaungua.

Dawa kuu ilikuwa kupunguza mgandamizo. TE20 ya petroli ilikaribia 6 kwa 1. TED20 ikashushwa hadi karibu 5 kwa 1. Nguvu ilipungua, na kwa maoni yangu bei hiyo ilikuwa halali.

Ugumu ulikuwa kwingine. TVO ya baridi haigeuki mvuke, kwa hiyo ilibidi mchanganyiko upashwe kwa joto la ekzosi kabla ya kuingia kwenye silinda, na joto hilohilo ndilo linaloalika kugonga. Likipungua, matone yasiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, oili ikawa nyepesi na beringi zikasagika kimyakimya. Kati ya mawili haya, la pili ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa halina sauti. Ndiyo maana dereva aliwasha kwa petroli kutoka tangi dogo, akasubiri injini ishike moto, ndipo akageuza koki. Siku za baridi rejeta ilifunikwa pazia, na oili ilimwagwa mapema kuliko kwenye trekta la petroli.

Wengine hutuliza kugonga kwa kuchelewesha cheche. Inasaidia, ila ukizidisha, moto unamalizikia kwenye ekzosi na vali zinaungua. Kwenye udongo mzito ni salama zaidi kushusha gia.

TVO iliondolewa sokoni mwaka 1974. Petroli ya leo, hata ya oktani 91, inalitosha TED20 kabisa. Anayejitafutia matatizo ni yule anayefunga pistoni za petroli apate nguvu, kisha anajaza tangi mchanganyiko wake wa petroli na mafuta ya taa.