Mabao 16 kwa Mechi 46

Msimu wa 2024/25 Burnley walicheza mechi 46 za Championship, ligi ya daraja la pili England, wakafungwa mabao 16 tu. Mechi 30 walimaliza bila nyavu zao kutikiswa. Piga hesabu: zinabaki mechi 16, na mabao yenyewe ni 16. Kuanzia Agosti hadi Mei, basi, hakuna timu iliyowafunga mara mbili katika mechi moja ya ligi. Liverpool ya 1978/79 iliruhusu mabao 16 kwa mechi 42, na Chelsea ya José Mourinho mwaka 2004/05 iliruhusu 15 kwa mechi 38. Hizo zilikuwa timu bingwa za daraja la juu, nami siwalinganishi wachezaji. Nalinganisha kazi, na kazi ya Burnley inastahili kukaa meza moja na hizo.

Ajabu yake huonekana zaidi ukikumbuka walikotoka. Msimu wa kabla yake walikuwa Ligi Kuu chini ya Vincent Kompany, wakafungwa mabao 78 kwa mechi 38 na kushuka daraja. Kompany akachukuliwa na Bayern Munich. Kipa James Trafford, aliyenunuliwa kutoka Manchester City akiwa bado kijana mbichi, alikuwa amepoteza namba kabla ligi haijakwisha na kukaa benchi. Hiyo ndiyo timu aliyokabidhiwa Scott Parker, kocha ambaye tayari alikuwa amewapandisha Fulham mwaka 2020 na Bournemouth mwaka 2022.

Burnley ni mji wa Lancashire uliokua kwa viwanda vya pamba, na pamba hiyo hunipeleka pwani, kwa fundi anayetia kalafati mashua. Hukaa chini ya chombo siku nzima, akishindilia pamba katika mwanya wa ubao na ubao, mmoja baada ya mwingine. Chombo kikishushwa majini hakuna abiria anayemsifu kwa maji ambayo hayakuingia. Beki naye hufanya kazi ya namna hiyo. Mshambuliaji hukumbukwa kwa jambo lililotokea, ilhali beki stadi amezuia lisitokee, mara nyingi sekunde tatu kabla ya mtazamaji kujua kwamba kulikuwa na hatari.

Katikati ya ulinzi wa Burnley walisimama Maxime Estève, Mfaransa wa mguu wa kushoto, na CJ Egan-Riley. Pamoja na Trafford golini, wote watatu walikuwa hawajatimiza miaka 23 ligi ilipokwisha. Umri huo kwa kawaida ni wa pupa: beki kijana hutaka kuunyakua kila mpira, akatoka kwenye nafasi yake, na pengo aliloliacha likawa bao. Hawa walikuwa na subira ya wazee. Watazame wakati mpira uko pembeni na krosi inakuja. Hawaukodolei mpira macho. Miili yao iko nusu upande, jicho moja kwa mpigaji na jingine kwa straika, na kila mmoja anajua mwenzake yuko hatua ngapi kutoka kwake. Mbele yao alikuwapo Josh Cullen, kiungo wa Ireland, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuziba njia ya pasi hata kabla pasi haijapigwa. Mtu wa namna hii huondoka uwanjani jezi haina tope, ukadhani hakufanya kitu.

Tena hawakupaki basi. Walifunga mabao 69, na nahodha Josh Brownhill, ambaye ni kiungo, peke yake alipata 18. Ulinzi wao ulianza wakiwa na mpira. Walikuwa wakishambulia huku wanne au watano wamekwisha kujipanga nyuma ya mpira, ili ukipotea asikimbie mtu peke yake kumwelekea kipa. Kulijenga jambo hilo kunataka mazoezi ya kuchosha, yale ya kusogea pamoja mita mbili kushoto, mita mbili kulia, hadi miguu ikumbuke yenyewe.

Pale mpango uliposhindwa, alibaki Trafford. Tarehe 17 Januari 2025 Sunderland walikuja Turf Moor, uwanja wa Burnley, ubao ukasomeka 0-0, na dakika za mwisho wakapata penalti mbili. Wilson Isidor alipiga zote mbili, na Trafford akaziokoa zote mbili. Kijana aliyemaliza msimu uliotangulia akiwa benchi! Mechi hiyo ilikuwa katikati ya mfululizo wa mechi 12 za ligi bila kuruhusu bao, kuanzia siku iliyofuata Krismasi hadi mwishoni mwa Februari.

Wapo walionung'unika, na sare tasa kweli zilikuwa nyingi. Mtu aliyelipa tiketi na kukaa kwenye baridi ya Lancashire ana haki ya kutaka mabao. Na uhaba huo wa mabao ulikuwa na gharama: Leeds United nao walimaliza na pointi 100 kama Burnley, lakini kwa mabao 95 ya kufunga wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Hata hivyo Leeds hao hao walikutana na Burnley mara mbili, wakafungwa 1-0 kwao Elland Road na kutoka 0-0 Turf Moor. Mabao 95, na hakuna hata moja lililopita kwa Estève na wenzake. Mimi sare ile na Leeds naihesabu miongoni mwa mechi nzuri za msimu.

Walipoteza mechi mbili tu, zote 1-0, ugenini kwa Sunderland na kwa Millwall. Baada ya kipigo cha Millwall mwanzoni mwa Novemba hawakupoteza tena hata moja kati ya mechi 33 zilizobaki. Tarehe 21 Aprili walihitaji kuwashinda Sheffield United, waliokuwa wakiwafukuzia, ili wapande. Brownhill akafunga, wageni wakasawazisha, Brownhill akafunga tena kwa penalti kabla ya mapumziko. Ikabaki kipindi kizima cha kulinda bao moja, na kulinda ndiko walikojifunza mwaka mzima. Matokeo yakaishia 2-1, na mashabiki wakamiminika uwanjani.

Ukuta huo haukucheza pamoja tena. Kiangazi hicho Trafford alirudi Manchester City, Egan-Riley akaenda Marseille, na Estève akabaki kuingia Ligi Kuu na mwenza mpya pembeni yake.