Kuuliza si Ujinga: Kipindi cha Dini na Maswali ya Watoto Wetu

Ratiba ya shule zetu za msingi za serikali huwa na kipindi cha dini. Kengele ikigongwa, watoto waliokaa dawati moja tangu asubuhi wanaachana. Hawa wanabaki darasani na katekista, wale wanakwenda chini ya mti kumsikiliza ustadhi. Kipindi kikiisha wanarudi kwenye dawati lile lile, na hakuna anayemwuliza mwenzake amefundishwa nini. Katika kijiji kama Nakapanya, wilayani Tunduru, ambako Waislamu ni wengi na sisi Wakristo ni wachache, jambo hili limezoeleka hata hatulitazami tena.

Makala hii haikusudii kuwalaumu makatekista. Wengi wao hufundisha kwa kujitolea, huacha mashamba yao wakati wa palizi, na chaki hununua wenyewe. Ninachotaka kukihakiki ni kipindi chenyewe: kinafundisha nini, kwa njia gani, na mtoto anatoka nacho nini.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Zamani shule nyingi katika mkoa wetu wa Ruvuma na jirani zake zilikuwa za misheni. Zilileta kusoma na kuandika, na kwa hilo tunawashukuru wamisionari. Lakini wazazi wengi wa Kiislamu walizikwepa kwa kuogopa kwamba mtoto akienda kusoma atarudi amebatizwa, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyoanza kutumika mwaka 1970, iliziweka shule hizo mikononi mwa serikali. Tangu hapo mtoto haulizwi dini yake mlangoni mwa shule. Katiba yetu nayo inasema kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndiyo maana serikali inatupa nafasi katika ratiba, lakini haitupi mwalimu, mshahara wala maneno ya kufundisha. Hayo ni yetu. Kipindi kikiwa dhaifu, basi udhaifu huo ni wetu pia.

Udhaifu ninaouona uko katika njia. Tumechukua mafundisho ya Ubatizo na Komunyo ya Kwanza kutoka kigangoni, tukayahamishia shuleni kama yalivyo. Katekista anasoma swali, watoto wanajibu kwa pamoja. Anasoma la pili, wanajibu. Aliyekosea anarudia. Sitaki kuidharau kazi ya kukariri. Mtoto aliyeishika Baba Yetu na Kanuni ya Imani kwa moyo ana akiba ya maisha yote, na wazee wetu waliokwisha kusahau majina ya wajukuu wao bado wanazisali sala hizo bila kukosea. Lakini angalieni anayeuliza ni nani na anayejibu ni nani. Mkubwa anauliza jambo analolijua, na mtoto anajibu jambo ambalo hakuliuliza.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mpango mwingine. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Musa anawaandaa wazazi kwa siku ambayo watoto watauliza maana ya ibada ya Pasaka. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, mwana anauliza maana ya amri, na baba anaambiwa amsimulie utumwa wa Misri na jinsi Bwana alivyowatoa. Katika Yoshua, sura ya 4, mawe kumi na mawili yanasimamishwa ili watoto wakiyaona waulize. Mara zote mtoto ndiye anayeuliza, na mkubwa anajibu kwa kusimulia. Naye Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yaani umri wa mtoto wa darasa la sita, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza maswali. Luka hakuona aibu kutuandikia kwamba Mwana wa Mungu aliuliza. Kwa nini basi katika kipindi chetu mtoto anayeuliza anaonekana mtundu?

Na watoto wa Nakapanya wana maswali mengi, kwa sababu wanaishi na majirani wa imani nyingine kila siku. Mwezi wa Ramadhani mtoto wetu anamwona rafiki yake hanywi maji hata jua likiwa kali, naye anataka kujua kwa nini sisi tunafunga Kwaresima huku tunakunywa. Anasikia kwamba Waislamu wanamtaja Isa mwana wa Mariamu, anajiuliza kama huyo ni Yesu wetu. Rafiki akimwambia Mungu hana mwana, anakuja nyumbani na jambo zito ambalo hata sisi wazazi linatutoa jasho. Maswali haya hayamo katika orodha ya katekista. Mtoto akithubutu kuyatamka, mara nyingi jibu ni fupi: hayo ni ya kwao, wewe shika ya kwako. Jibu hilo linanyamazisha bila kufundisha. Mtoto anaondoka amejifunza kwamba imani yake haiwezi kusimama mbele ya swali la rafiki yake.

Hapo tumechanganya mambo mawili. Mwaka 1988 idara ya Vatikano inayosimamia elimu Katoliki ilitoa waraka juu ya elimu ya dini katika shule za Kikatoliki, ikatofautisha katekesi na somo la dini. Katekesi inamlea aliyeamini ndani ya jumuiya ya waamini ili akue katika imani na Sakramenti. Somo la dini shuleni linatoa maarifa: Wakristo wanaamini nini, kwa nini, na imani hiyo inagusaje maisha. Kama tofauti hiyo inafaa katika shule za Kanisa, inafaa zaidi katika shule ya serikali. Katekesi ina mahali pake, nako ni nyumbani, katika jumuiya ndogondogo, kigangoni na katika Utoto Mtakatifu. Kipindi cha shule ni kifupi mno kuibeba yote. Kinachokifaa ni kumsaidia mtoto kuelewa na kueleza anachoamini, na kusema kweli juu ya imani ya jirani yake.

Hili la jirani huwashtua wengine. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulikwisha kulisema. Ulikiri kwamba Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, kwa kuwa wanamwabudu Mungu mmoja, wanamheshimu Yesu kama nabii, wanamheshimu Maria mama yake, wanasali, wanatoa sadaka na wanafunga. Mtaguso huo huo haukuficha kwamba hawamkiri Yesu kuwa Mungu. Mtoto anastahili kuambiwa yote mawili. Aambiwe kwamba katika Kurani kuna sura inayoitwa kwa jina la Mariamu. Aambiwe pia kwamba sisi tunamkiri Mwanawe kuwa Mungu kweli aliyekufa msalabani na kufufuka, na kwamba Waislamu hawakubali hivyo. Kumwambia mtoto kwamba dini zote ni sawa ni kumdanganya. Kumwambia kwamba jirani hana chochote cha kweli ni kumdanganya vilevile.

Wapo watakaosema watoto bado ni wadogo, watachanganyikiwa. Hoja hii ina uzito na inapaswa kujibiwa. Mtoto wa darasa la kwanza hahitaji kulinganishiwa dini. Anahitaji hadithi za Yesu, nyimbo na sala. Lakini mtoto wa darasa la tano anayepishana na msikiti kila asubuhi amekwisha kulinganisha mwenyewe, iwe tumemsaidia au hatukumsaidia. Tukinyamaza atapata majibu kwa watani wake uwanjani. Tena kesho atakwenda sekondari mbali na nyumbani, na huko hakuna atakayemuuliza swali kwa maneno ya kitabu cha katekista. Mtume Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayetuuliza juu ya tumaini letu, na tufanye hivyo kwa upole na heshima. Utayari huo haushuki siku moja kutoka mbinguni, unazoezwa.

Nchi nyingine zimejaribu njia nyingine. Kenya ina masomo ya dini yanayofundishwa na kutahiniwa, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Somo hupata walimu na vitabu, lakini kila mtoto hubaki upande wake, tena imani inaweza kugeuka kuwa alama. Uingereza, mwaka 2018, tume moja ya elimu ya dini ilipendekeza somo lipanuliwe liitwe dini na mitazamo ya maisha, ili liwahusu pia wasio na dini. Wao wanatafuta namna ya kuzungumza juu ya Mungu na watoto ambao wengi hawajaingia kanisani. Sisi hatuna shida hiyo, kwani hapa mtoto huamshwa na adhana na kulazwa na sala ya rozari. Shida yetu ni kwamba anasikia mengi na kuelezwa machache.

Tuna mfano karibu zaidi. Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, hakulipiga jando marufuku. Aliliingiza katika maisha ya Kanisa, akaweka sala humo na kuondoa yaliyopingana na imani. Wengine walimpinga, na mjadala huo una hoja zake. Lakini aliona jambo moja ambalo sisi tunalisahau: wazee wa jando walijua kufundisha. Waliimba, walitega mafumbo, wakamwacha kijana ahangaike na fumbo kabla ya kumfumbulia. Kijana hasahau fumbo alilolihangaikia. Jibu alilopewa kabla hajauliza humtoka upesi.

Tufanye nini basi? Katekista aanze kipindi kwa swali moja kutoka kwa watoto, aliandike ubaoni, na kama hana jibu aseme atalileta wiki ijayo. Halmashauri ya walei imgharamie semina walau mara moja kwa mwaka, na imnunulie chaki, maana hatuwezi kudai mengi kwa mtu tunayemwacha peke yake. Yeye na ustadhi wakae siku moja, kila mmoja amweleze mwenzake mambo ambayo asingependa yasemwe vibaya juu ya dini yake. Na sisi wazazi, jioni mtoto anaporudi, tusiishie kumwuliza amejibu nini. Tumwulize ameuliza nini.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Serikali itamwambia mtoto asiibe na amheshimu mkubwa, nasi tunafurahi. Lakini siku atakapouliza kwa nini amheshimu hata asiye wa dini yake, jibu hilo limekabidhiwa kwetu: ni kwa sababu naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kipindi cha dini kipo ili apate mahali pa kuliuliza swali hilo bila woga.