Kashata ya Protini Bila Oveni: Dengu, Karanga na Asali Katika Joto la Bariadi

Mafuta ya nazi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi za Selsiasi. Siagi ya kakao, ile inayoipa chokoleti ugumu wake, hulegea inapokaribia nyuzi 34. Namba hizi mbili ndizo zinazowakwamisha watu wengi wanaojaribu kutengeneza kashata za protini nyumbani kwa maelekezo yaliyoandikwa kwenye nchi za baridi: changanya unga wa protini wa kopo na mafuta ya nazi, paka chokoleti juu, weka kwenye friji, kata. Zikiwa ndani ya friji zinakaa imara. Zikiingia kwenye begi la mwanafunzi, au zikapangwa mezani sokoni Bariadi saa nane mchana, zinalegea, zinashikamana na karatasi na kuvuja mafuta.

Katika uchambuzi huu nataka kuonyesha kwamba Simiyu, mkoa wa Tanzania uliko mji huo wa Bariadi, una karibu kila kinachohitajika kutengeneza kashata ya protini inayohimili joto lake, bila oveni na bila friji. Kinachotakiwa kubadilika ni kile kinachoshikanisha mchanganyiko. Badala ya kutegemea mafuta yanayoganda kwa baridi, tunategemea asali iliyochemshwa ikapungua maji. Pia tukubaliane mapema kwamba kutokuwa na oveni si kutotumia moto. Moto upo, ila unatumika mwanzoni, kwa kila kiungo peke yake.

Protini iko shambani

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012 na una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sifa yake kubwa ni pamba, lakini mkulima wa Kisukuma hujua kila udongo unafaa zao gani. Kwenye luseni, udongo wa kichanga, karanga hustawi na kung'oka bila taabu. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, dengu hupandwa mvua zikielekea ukingoni, zikakua kwa unyevu uliobaki ardhini.

Sehemu kubwa ya dengu hizo hailiwi hapa. Hupakiwa kwenda nje, na India ni mnunuzi mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 2017 India ilipoweka ushuru wa asilimia 30 kwa dengu zinazoingia nchini humo, mkulima wa mbali hakuwa na sauti kwenye uamuzi huo. Kila kilo inayopata matumizi nyumbani inampunguzia utegemezi huo, na hii ni sababu moja inayonifanya nilipe uzito jambo linaloonekana kuwa dogo kama kashata.

Sasa tuangalie protini kwa gramu 100 za kila kiungo. Karanga zina gramu 25 hadi 26. Dengu kavu zina kama 20. Ufuta una kama 18. Unga wa maziwa yasiyoondolewa mafuta una kama 26. Asali haina protini ya kuhesabika. Kazi yake ni utamu na kushikanisha.

Wingi peke yake hautoshi, kwa sababu mwili unahitaji asidi amino za aina mbalimbali. Karanga ni dhaifu kwenye laisini na methionini. Dengu zina laisini ya kutosha lakini methionini yake ni ndogo. Ufuta una methionini nzuri. Maziwa yana zote kwa uwiano mzuri. Kwa hiyo ufuta haukuwekwa kama pambo la juu: unaziba pengo ambalo karanga na dengu haziwezi kuliziba zenyewe.

Uwiano

Kwa kashata 20 za gramu 40 hivi kila moja:

Karanga zilizokaangwa na kusagwa, gramu 250.
Unga wa dengu zilizokaangwa, gramu 200.
Asali, gramu 200.
Unga wa maziwa, gramu 100.
Ufuta uliokaangwa, gramu 50.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.

Ukijumlisha protini ya viungo vyote unapata karibu gramu 140, yaani gramu 7 kwa kila kashata, pamoja na nishati ya kilokalori zipatazo 180. Yai moja la kuku lina gramu 6 hivi za protini. Kashata za viwandani zenye unga wa protini ya maziwa hutoa zaidi ya hapo, mara nyingi gramu 15 hadi 20 kwa kipande kikubwa kidogo. Mtu anayenyanyua vyuma kila siku anaweza kuona tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mwanafunzi, mkulima au dereva wa bodaboda anayehitaji kitu cha kushika tumbo kati ya milo, gramu 7 kutoka kwenye chakula anachokifahamu ni kiasi cha maana.

Wapo watakaouliza kuhusu matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa juani. Yakitwangwa hutoa unga mtamu unaoshikana vizuri. Lakini protini yake ni gramu 5 hivi tu kwa kila 100. Ukibadilisha nusu ya unga wa dengu kwa unga wa matobolwa, kila kashata inashuka kutoka gramu 7 hadi kama 6. Hilo linavumilika, na unaweza kupunguza asali kidogo. Ukivuka nusu, umetengeneza kitafunwa kizuri ambacho hakistahili tena jina la kashata ya protini.

Hatua ya moto

Dengu ndizo zinazodai uvumilivu. Dengu mbichi, kama kunde nyingine, zina vizuizi vinavyozuia vimeng'enya vya tumbo kuvunja protini. Unga wake mbichi pia unaweza kubeba vijidudu, na una ladha ya ubichi ambayo asali haiwezi kuificha. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji, zitandaze juani hadi ngozi ya nje ikauke. Unyevu unaobaki ndani ya punje una faida: husaidia joto kuvunja vizuizi hivyo kuliko ukikaanga punje kavu kabisa.

Kaanga kwa moto wa wastani kwenye sufuria nzito yenye mchanga safi uliooshwa na kuchekechwa, kama wengi wanavyokaanga karanga. Mchanga huzunguka punje pande zote, kwa hiyo haziungui upande mmoja zikabaki mbichi upande mwingine. Toa punje moja, iache ipoe, itafune. Ikivunjika kwa mlio na kiini chake kikawa kikavu na chenye rangi moja, zimeiva. Ikikwama kwenye meno, rudisha jikoni. Chekecha mchanga wote, ponda kidogo, pepeta maganda kwenye ungo, kisha saga uwe unga laini.

Karanga zinakaangwa vivyo hivyo, zinasuguliwa, zinapepetwa na kutwangwa kwenye kinu au kusagwa kwenye blenda mpaka mafuta yake yenyewe yatoke na kuzilainisha. Usiongeze mafuta mengine. Usizipeleke kwenye mashine ya kusagia mahindi: mafuta yake hunasa kwenye mashine, na karanga zako zinaondoka na vumbi la mahindi ya watu wengine. Ufuta unahitaji dakika chache tu. Ukianza kurukaruka na kunukia, ipua.

Hatua ya kushikanisha

Asali kwa kawaida ina maji asilimia 17 hadi 20. Ukiichemsha polepole hadi nyuzi 115 hivi, sehemu ya maji huondoka na asali ikipoa inakuwa nzito na yenye kunata. Asiye na kipimajoto atumie njia ya wapika kashata: dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likisambaa, bado. Likikusanyika chini na kufinyangika kati ya vidole kama donge laini, ipua mara moja. Likiwa gumu la kuvunjika, umevuka, na kashata zitauma meno. Tumia sufuria yenye nafasi, maana asali huumuka ikichemka na huunguza vibaya.

Mpangilio wa kuchanganya una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Anza kwa kuchanganya karanga zilizosagwa na unga wa dengu, unga wa maziwa, ufuta na chumvi, mpaka usione unga mkavu. Ndipo umimine asali, ikiwa ya moto lakini imeacha kuchemka. Unga wa dengu na wa maziwa hunywa maji kwa pupa. Ukikutana na asali kwanza, hufanya mabonge, na kashata huzidi kukakamaa kadiri siku zinavyopita. Ukitangulizwa kwenye karanga, mafuta huzifunika chembe zake na kuchelewesha unyonyaji huo.

Finya bonge kwenye kiganja. Likibaki na alama za vidole bila kupasuka pembeni wala kuacha mafuta mkononi, uwiano umekaa. Likibomoka, ongeza asali ya moto kijiko kimoja kimoja. Likiteleza kwa mafuta, ongeza unga wa dengu. Maji usiongeze hata tone.

Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta kidogo, lenye upana wa sentimita 20 hivi kila upande, unene usizidi sentimita mbili. Kandamiza kwa nguvu kwa chupa au sinia jingine, kwa sababu nafasi za hewa ndizo zinazoleta mipasuko. Kata zikiwa vuguvugu. Ukingoja zipoe kabisa, kisu kitazivunja.

Kwa nini haziozi

Vijidudu haviishi kwa maji yote yaliyomo kwenye chakula, bali kwa maji huru, yale ambayo hayajashikwa na sukari, chumvi au wanga. Wataalamu huyapima kuanzia 0 hadi 1. Chini ya 0.6 hakuna bakteria wala ukungu unaokua. Kashata yetu ina maji ya jumla kama asilimia 6 tu, na sukari nyingi ya asali huyashika. Ndizi mbivu ina maji kama asilimia 75. Anayeiponda ndani ya mchanganyiko huu, au kumimina maziwa mabichi, ametengeneza chakula cha kuliwa siku hiyohiyo.

Kanuni hii ndiyo iliyobeba Plumpy'Nut, chakula tiba cha watoto wenye utapiamlo mkali kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Ni karanga zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Kwa kuwa karibu hakina maji, pakiti yake ya gramu 92 huhifadhiwa bila friji na huliwa bila kupikwa. Kashata yetu si dawa na haichukui nafasi ya chakula hicho. Mtoto mwenye utapiamlo apelekwe kituo cha afya. Ila somo la kiufundi ni lilelile: ondoa maji, funika unga kwa mafuta ya karanga.

Zihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri, kila kipande na karatasi yake, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewani, hasa masika. Ndani ya wiki mbili hadi tatu ziwe zimeliwa. Kinachotangulia kuharibika ni mafuta ya karanga, na pua itakuambia: ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, tupa.

Pasipo na marekebisho

Asiye na uhakika na karanga zake asianze kazi hii. Sumukuvu hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyokaushwa au kuhifadhiwa vibaya, na huharibu ini. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu uliohusishwa na mahindi, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, uliua watu wapatao 20. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Moto wa jikoni hauimalizi sumu hiyo, wala asali haiizuii.

Kwa hiyo nunua karanga nzima, usinunue zilizokwisha kusagwa, kwa sababu kilichosagwa hakichambuliki. Zichambue mara mbili: kabla ya kukaanga, na baada ya kutoa maganda, wakati punje zenye madoa zinapoonekana vizuri. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu. Usiwape kuku wala mbuzi, zifukie.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kashata hii, kwa sababu asali inaweza kumletea sumu ya botulizimu. Watoto wadogo wasiachwe peke yao na vipande vigumu vinavyoweza kuwapalia, na mwenye mzio wa karanga asiionje kabisa. Anayetaka kuuza aandike viungo vyote na tarehe kwenye kifungashio, apitie SIDO (Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo) kwa mafunzo na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwa usalama wa chakula, jukumu lililotoka kwa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, mwaka 2019.

Kashata iliyolegea unaweza kuiongezea unga, na iliyokauka unaweza kuiongezea asali. Karanga yenye sumukuvu haina cha kuongezewa. Ukiwa na saa moja tu ya kufanya jambo moja vizuri katika kazi hii yote, kaa na ungo wako kwenye mwanga, uchambue karanga.