Gereji, Banda au Karakana?

Katika mchoro mmoja wa nyumba inayojengwa Moshi tumeona chumba kilichoandikwa "gereji na uraibu". Mwenye nyumba alikusudia mahali pa kuweka pikipiki zake mbili, na pa kuzifungua na kuzifunga kwa kujifurahisha siku za mapumziko. Kwa maoni yetu, istilahi zote mbili hazifai.

Gereji, katika matumizi ya Watanzania, ni mahali pa fundi magari na wateja wake. Jirani alisikiapo neno hilo hutazamia kelele na mafuta machafu. Mwashi naye huuliza shimo la kukagulia magari lichimbwe wapi. Uraibu ulianza kwa tambuu, ukapanuliwa kuwa jambo lolote alipendalo mtu na kulizoea, na siku hizi umeshikwa na dawa za kulevya. Ni nani atakayetaka chumba cha namna hiyo nyumbani kwake?

Maneno yanayofaa tunayo. Katika vihamba vya Kibosho na Marangu ng'ombe hulishwa bandani. Pikipiki nayo, inayohitaji kukingwa na mvua za masika, itakaa vyema katika banda la pikipiki. Penye meza na jiriwa pawe karakana ya nyumbani, neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake nyumba ya kazi. Gereji tuwaachie mafundi.

Istilahi ya ujenzi hatimaye hugeuka zege, na kosa la zege halifutwi kwa kalamu.