Kona ya Chini Kulia

Ukitaka kutusi kazi ya mtu hapa Kenya, sema tu ni viraka. Barabara ni ya viraka. Sheria ni za viraka. Bajeti ya kaunti, viraka. Wenzetu Watanzania wakiongea mpira, mchezaji anayecheza beki leo na kiungo kesho wanamwita kiraka, na hiyo ni sifa, kocha anampenda. Sisi tumebaki na ile maana ya kwanza: kiraka ni tundu lililofichwa, na aliyelificha hakuwa na pesa za kununua kitu kipya.

Neno hili limenikaa kichwani kwa sababu naishi na mtu wa viraka. Shangazi yangu hushona mablanketi ya vipande vya nguo katika nyumba ya vyumba viwili hapa Langas, Eldoret. Nilihamia kwake nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhindikana, na siku hiyo nikapewa kochi na blanketi moja. Nimelala chini ya blanketi hilo karibu miaka mitatu. Kwa hivyo chukua makala haya kama uhakiki wa blanketi. Si mzaha. Tunahakiki albamu, tunahakiki filamu, hadi chipsi za mtaani tunazipa alama. Blanketi la viraka tunalisifu tu.

Na sikiliza sifa zenyewe. Mgeni akiingia kwa shangazi atasema moja kati ya mambo matatu. Ati ni poa kwa mazingira, nguo hazitupwi. Ati ni poa kwa akina mama, angalau wanapata kitu kidogo. Ati inamkumbusha nyanya yake kijijini. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linalohusu blanketi. La kwanza linahusu taka, la pili linahusu umaskini, la tatu linahusu nyanya wa mtu. Sijasikia mgeni akiuliza kwa nini ile njano iko pale ilipo.

Wacha nianze na vitambaa, kwa sababu shangazi huanzia hapo. Siku beli za mitumba zikifunguliwa, wafanyabiashara wanafika alfajiri kuwania kamera, zile nguo za kwanza zilizo safi kama mpya. Shangazi anafika jioni. Anataka fagia, mabaki ya mwisho yanayouzwa bei ya kutupa, maana shati lililochanika kwapa bado lina mgongo mzima, na mgongo wa shati la mwanaume mnene ni kitambaa kingi. Akifika nyumbani anachomoa uzi mmoja na kuuwasha kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu, hiyo ni poliesta, na anampelekea jirani anayetengeneza mikeka ya mlangoni. Jumamosi anapitia kwa mafundi wa sare za shule mjini, ambao wanamwekea mfuko wa vipande vilivyobaki.

Vyote vinafuliwa, vinapigwa pasi, vinapangwa kwa rangi ndani ya sanduku langu la chuma la bweni, lile ambalo jina langu bado liko kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Kuna jioni hashoni kabisa. Anafungua sanduku, kikombe cha chai pembeni, redio chini kwa chini, anaweka bluu juu ya bluu, anaitoa, anairudisha. Mwanzoni nilidhani anapoteza wakati. Sasa najua kwamba hapo ndipo blanketi linatengenezwa, na cherehani inakuja baadaye kufunga makubaliano. Pia ni raha yake tu. Mtu anaruhusiwa kufurahia rangi bila kutoa sababu.

Sasa blanketi langu. Lina mistari mirefu 11 kutoka juu hadi chini. Mingi ni bluu na kijivu, mashati ya ofisini yenye michirizi myembamba. Michirizi yote imelala, isipokuwa kwenye mstari wa nne, ambako ameigeuza ikasimama. Ukiwa mlangoni huoni tofauti, unahisi tu kuna mahali jicho linakwama kidogo na kurudi. Katikati ya hizo bluu kuna maruni, sketi ya sare, kitambaa kizito. Kizito na chepesi vikishonwa pamoja, chepesi hujikunja ukishafua. Yeye aliliona hilo mapema, akaweka kipande cha shuka nyuma ya kila shati ili uzito ulingane. Halafu, mkono mmoja kutoka juu, kuna njano moja tu, pindo la leso, na haiko katikati. Ingekaa katikati, blanketi lingekuwa bendera. Pale ilipo, unaikuta.

Ndani, mahali pa pamba, kuna blanketi kuukuu lililokwisha manyoya. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari na Julai yake haina mchezo. Nyuma kuna shuka jeupe ambalo shangazi anaapa ni la Rivatex ya zamani. Kwa waliozaliwa juzi: Rivatex ilianzishwa miaka ya 70, na kulikuwa na wakati Eldoret ilikuwa mji wa nguo hasa, Rivatex na pamba, Raymond na sufu, Ken-Knit na sweta. Miaka ya 90 soko likafunguliwa, mitumba ikajaa, Rivatex ikayumba hadi ikafungwa. Chuo Kikuu cha Moi kikainunua 2007, na 2019 ikazinduliwa upya na mitambo mipya. Niliona blanketi langu limebeba hadithi hiyo yote: kitambaa kilichofumwa hapa kiko chini, mitumba iliyokuja kukisukuma iko juu, na uzi mmoja umepita katikati ukavishika vyote.

Nilimwambia shangazi hivyo. Akacheka hadi akaweka mkasi chini. "Shuka lilikuwa pana, mwanangu. Ndio maana liko nyuma."

Napenda jibu hilo. Mhakiki anaweza kuona kitu ambacho mshonaji hakukipanga, lakini asimwekee maneno mdomoni.

Tufike kwenye kona. Chini, upande wa kulia, bluu ilimwishia. Badala ya kungoja fagia nyingine alimalizia na kitenge cha maua makubwa ya rangi ya chungwa. Maua hayo yanapiga kelele. Ile njano ya juu, iliyokuwa imetulia peke yake, ghafla inaonekana kama makosa, kwa sababu kuna kitu kingine chini kinachogombania jicho. Kwa zaidi ya miaka miwili nililala kona hiyo ikiwa miguuni na sikusema kitu. Akiuliza, "Unalionaje?" jibu lilikuwa moja: "Fiti sana, shangazi." Nilijiambia hiyo ni heshima. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfanyia kile wageni wanamfanyia, namsifu ili nisilazimike kuangalia.

Mwaka jana akapata oda kutoka Nairobi. Mteja alitaka kitu cha Kiafrika. Shangazi akashona ramani ya Afrika katikati, ndovu wawili, twiga mmoja, vitenge vipya vya poliesta kuzunguka, sponji ndani. Ushonaji ulikuwa safi kuliko wote niliowahi kuuona mikononi mwake, kila kona imekutana na mwenzake. Liliuzwa mara tatu ya bei yake ya kawaida. Kabla hajalifunga kwenye karatasi aliniuliza ninalionaje, na sijui ni nini kilinipata, nikamjibu. Nikasema limeshonwa vizuri lakini yeye hayumo. Ramani iliamua pa kuanzia, ndovu wakaamua pa kuishia, mteja akaamua rangi. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaitaja na kona yangu ya maua.

Kimya. Siku nne chai iliwekwa mezani bila neno. Siku ya tano akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "Twiga amelipa stima. Hiyo njano yako imelipa nini?"

Sina jibu zuri la swali hilo. Kuna mahali walipata nusu ya jibu. Gee's Bend ni kijiji cha Alabama, Marekani. Wanawake weusi wa huko, vizazi vya watu waliokuwa watumwa, walishona mablanketi kwa suruali za shamba zilizochakaa ili watoto wasilale baridi. Mwaka 2002 mablanketi yao yalitundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney kule New York, na wahakiki wakaandika kuhusu rangi na mistari yake jinsi wanavyoandika kuhusu michoro. Mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta. Nguo zilikuwa zilezile zilizokuwa vitandani. Tofauti ni kwamba safari hii kuna watu waliosimama na kuziangalia polepole. Lakini mwaka 2007 baadhi ya wanawake hao walienda kortini, wakilalamika kwamba hawakupata haki yao katika pesa zilizotokana na kazi zao. Kwa hivyo nikiwaambia tuangalie blanketi kama sanaa, najua kuangalia tu hakutoshi. Sifa inaweza kupandisha bei na pesa zikashukia kwa mwingine.

Hata hivyo hatuhitaji kwenda Alabama kujua kwamba kuunga vipande ni kubuni. Angalia leso. Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno, na lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa pwani kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijatenganishwa, wakakata vitatu vitatu, wakashona vipande viwili pamoja, wakapata vazi moja la vitambaa sita. Wenye maduka wakaona, na baadaye viwanda vikaanza kuchapa kitu kizima. Yaani lile vazi tunalosema ndilo Uswahili wenyewe, tunalomfungia bibi harusi na kumbebea mtoto mgongoni, lilianza likiwa viraka. Waliolianza hawakuwa wanaziba tundu lolote. Walikuwa na vipande vidogo, wakataka kitu kikubwa chenye sura yao.

Ndiyo maana nadhani sifa zetu tatu zinawadhulumu watu kama shangazi. Ukimsifu kwa kuokoa nguo zisitupwe, umemwambia kazi yake iliisha alipookota shati. Ukimsifu kwa kujitafutia riziki, blanketi baya na blanketi zuri vinakuwa sawa, mradi vimeuzwa. Basi kwa nini aangaike kugeuza michirizi ya mstari wa nne? Twiga hahitaji mstari wa nne. Soko linamfundisha kila mwezi kwamba sehemu ambayo ni yake haina bei, na sisi tunaompenda tunakubaliana na soko kwa kusema "fiti sana".

Simwambii aache twiga. Stima ni stima, na mimi ninayeandika haya nachaji simu kwa stima hiyohiyo. Ninachoweza kumpa ni jicho la mtu mmoja. Nawe ukikutana na blanketi la viraka, kwa mama yako au sokoni, jaribu kuuliza maswali mengine. Jicho linaanzia wapi? Nini kimerudiwa, na kimevunjwa wapi? Kizito na chepesi vimekaaje pamoja? Ni kipande gani kilichowekwa kwa sababu kingine kiliisha, na kinaonekana? Muulize aliyeshona. Wengi hawajawahi kuulizwa, na wana majibu marefu.

Wiki iliyopita shangazi aliniita. Alikuwa ametandaza sakafuni blanketi jipya, vipande vimepangwa tu, bado havijashonwa. Kijani cha sare, nyeupe, bluu kidogo.

"Angalia kona ile ya chini," akasema. "Mengine usiniambie."

Nikaangalia kwa muda. Nikasema kile kijani cha mwisho kimezidi, aweke nyeupe. Akakitoa, akaweka nyeupe, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati. Kisha akainama, akatoa nyeupe, akarudisha kijani.

"Umekosea," akasema.

Nikarudi mlangoni nikaangalia tena. Kweli, nilikuwa nimekosea.